Chumba cha mtoto na ukuta wa mawe



Kila Ramadhani inapokaribia, Mji Mkongwe hunuka rangi. Ukipita Darajani utawakuta akina mama na akina baba wamejipanga mbele ya maduka ya vifaa vya ujenzi, kila mmoja ana kikaratasi chenye rangi mbalimbali mkononi, anakilinganisha na mwangaza wa jua. Hiyo ni desturi yetu ya miaka mingi na ni desturi njema. Lakini siku hizi kumeingia jambo jipya. Zamani mtu alinunua chokaa ya nyumba nzima, na akizidiwa na uwezo alinunua rangi ya ukumbi wa wageni, basi. Sasa ananunua rangi ya chumba cha mtoto. Mtoto wa kike waridi, mtoto wa kiume buluu, na juu yake picha ya katuni iliyotolewa kwenye simu. Fundi anaoneshwa simu na kuambiwa: "Nataka hivi hivi."

Mimi sina ugomvi na mzazi huyo. Kwa hakika nampongeza. Katika nyumba zetu nyingi chumba kizuri kuliko vyote ni kile kilichofungwa kwa ufunguo, kina makochi yenye nailoni, kinamsubiri mgeni ambaye pengine atakuja Idd mosi akae robo saa anywe soda aondoke. Watoto wanalala nyuma, watano kwa wanne, katika chumba ambacho pia ni stoo ya majembe na magunia ya mkaa. Mzazi anayemfikiria mwanawe kabla ya kumfikiria mgeni amepiga hatua kubwa. Ninalotaka tulizungumze leo ni kile kilichomo ndani ya kopo lile, na ukuta unaokwenda kupakwa. Maana rangi ya mafuta, ile inayong'aa, ambayo ndiyo inayochaguliwa kwa chumba cha mtoto kwa sababu eti ikichafuka inafutika, inaweza kudhuru mara mbili. Inaudhuru ukuta, na inaweza kumdhuru mtoto mwenyewe.

Tuanze na ukuta.

Nyumba ya Mji Mkongwe haikujengwa kwa saruji. Imejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyochimbwa hapa hapa kisiwani, yakashikamanishwa kwa udongo na chokaa, na unene wa kuta zake hufika nusu mita na kuzidi. Juu ya kuta zimelazwa boriti za mikoko, na juu ya boriti mawe madogo na chokaa iliyopondwapondwa mpaka ikashikana. Boriti ndiyo iliyopanga ukubwa wa maisha yetu. Haiwezi kubeba mzigo ikivuka mita 3 hivi, na ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba kama mtumbwi.

Jiwe la tumbawe lina vitundu kama sifongo. Linavuta unyevu kutoka ardhini, linavuta mvua kutoka kwenye paa lililopasuka, linavuta hata hewa ya bahari. Waliojenga nyumba hizi walilijua hilo, ndiyo maana wakaziviringisha kuta zao kwa chokaa ndani na nje. Chokaa inaruhusu unyevu kutoka. Ukuta unalowa wakati wa masika na unakauka wakati wa kaskazi, mwaka baada ya mwaka, na nyumba imesimama miaka 150.

Sasa chukua ukuta huo uupige lipu ya saruji, kisha juu yake makoti mawili ya rangi ya mafuta. Umeufunga mdomo. Mwezi wa kwanza unapendeza sana, majirani wanakuja kutazama. Masika ikipita, utaona rangi inafanya malengelenge kama ngozi iliyoungua. Maji yamekosa njia, yanazunguka ndani yakiwa na chumvi, na chumvi ikikauka nyuma ya rangi inavimba na kuisukuma nje. Mwaka wa pili lipu inaanguka kwa mabamba. Na lile usiloliona ndilo kubwa zaidi. Ncha za boriti zimezama ndani ya ukuta huo huo, na ukuta usiokauka unaziozesha. Dari inaning'inia, juu ya kitanda cha mtoto, kwa ncha za boriti ambazo hakuna anayejua zimebakia kiasi gani.

Sisemi kwamba kopo la rangi ndilo linaloangusha majumba. Majumba yanaangushwa na mambo mengi: paa lisilozibwa, mifereji iliyoziba, matangi ya maji yaliyotundikwa juu ya ghorofa zisizoundwa kwa uzito huo, na miaka mingi ya kutupiana mpira. Lakini tarehe 25 Disemba 2020 tuliona sehemu ya Beit al Ajaib, jengo la mwaka 1883, ikiporomoka mchana kweupe na watu wawili wakapoteza maisha. Jengo hilo lilikuwa na mafundi ndani yake, linafanyiwa matengenezo. Kama jumba la wafalme lenye mafundi linaweza kuanguka, mtu anayekaa na watoto ghorofa ya pili huko Mkunazini au Malindi ana haki ya kuutazama ukuta wake kwa makini kabla hajaufunika.

Na hapa lazima niseme neno juu ya wapangaji, kwa sababu wao ndio wengi. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilitaifishwa, na nyumba iliyokuwa ya familia moja ikagawiwa kwa familia nne, sita, hata kumi. Nyingine ni za Wakfu. Nyingine zina wenyewe binafsi walio mbali, au warithi ishirini wasiopatana. Mkaazi wa chumba kimoja hana uwezo wa kulitengeneza paa, na akilitengeneza hajui kama kesho atakuwamo. Kitu pekee kilicho mikononi mwake ni rangi ya ndani. Anapaka rangi kwa sababu hawezi kubadilisha kitu kingine chochote. Mimi simcheki mtu huyo. Mama mmoja aliniambia kwamba kila mwaka anaupaka ukuta wa wanawe rangi mpya ili doa la maji lisionekane, na kila mwaka doa linarudi kubwa zaidi. Yule mama si mjinga. Anajua doa linatoka wapi. Ila mwenye paa haji, na mwenye rangi yuko Darajani.

Basi kwa mtu kama huyu, ushauri unaomfaa ni ule usiomgharimu zaidi ya alivyokwisha kukusudia kutumia. Nitaufikia. Kwanza niseme la pili, ambalo linamhusu hata yule anayekaa Fuoni au Chukwani katika nyumba ya matofali ya saruji, na yule wa maghorofa ya Michenzani.

Katika rangi za mafuta kuna madini ya risasi. Sisemi rangi zote, wala sitaji kiwanda. Nasema kwamba kwa zaidi ya miaka mia watengenezaji wa rangi duniani wametia risasi ili rangi ikolee, ing'ae na ikauke haraka, na baadhi wanaendelea kutia mpaka leo. Rangi zinazoongoza ni zile za kupendeza watoto: manjano kali, machungwa, nyekundu, na kijani kinachotokana na manjano hiyo. Rangi za maji kwa kawaida hazina tatizo hili, au linakuwa dogo sana.

Mtoto hali rangi, utaniambia. Anakula. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anatambaa sakafuni, anashika ukingo wa dirisha, anatia vidole mdomoni. Rangi kuukuu inapomomonyoka inakuwa vumbi, na vumbi hilo linakaa sakafuni na juu ya wanasesere. Kibandiko cha rangi yenye risasi kina ladha tamu kidogo, hivyo mtoto akishakionja anarudia. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mtoto mdogo hufyonza mwilini mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima kutokana na risasi ile ile waliyoimeza, na kwamba hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Inakwenda damuni, kwenye mifupa, na kwenye ubongo unaokua. Mtoto haanguki akazimia. Anakuwa mzito wa kufahamu, hatulii, damu yake inapungua, na skuli mwalimu anamwita mtukutu. Nani atakumbuka ukuta wa manjano?

Jambo hili si geni. Mwaka 1904, katika jimbo la Queensland nchini Australia, daktari wa macho kwa jina J. Lockhart Gibson aliandika kwamba watoto waliokuwa wakipooza na kupofuka walikuwa wametiwa sumu na rangi ya reli za varanda na kuta za vyumba vyao. Queensland ni nchi ya joto kama yetu, nyumba zake zilikuwa na varanda za mbao kama roshani zetu, na rangi ilipopigwa na jua iligeuka unga ulioshika kwenye viganja vya watoto wanaocheza. Ilichukua mpaka 1922 jimbo hilo kutunga sheria. Mwaka mmoja kabla ya hapo, 1921, Shirika la Kazi Duniani lilikwisha kupitisha mkataba wa kuzuia rangi nyeupe ya risasi ndani ya majengo. Marekani, pamoja na elimu yake yote, ilisubiri hadi 1978 kuipiga marufuku rangi ya risasi majumbani. Siku hizi kiwango kinachopendekezwa na Umoja wa Mataifa ni sehemu 90 za risasi katika sehemu milioni moja ya rangi, wala si zaidi. Kwa hivyo ukiwa dukani muulize mwenye duka: kopo hili limeandikwa kwamba halina risasi? Kama hakuna maandishi, hakuna anayekulazimisha kulinunua. Wauzaji wetu ni watu wasikivu, na wateja kumi wakiuliza swali moja kwa wiki moja, shehena ijayo itabadilika.

Na kama ukuta wako una rangi kuukuu ya mafuta, khatari kubwa iko siku ya kuikwangua. Fundi anakuja na msasa mkavu, chumba kinajaa vumbi, na watoto wanaruka ndani yake kwa sababu kazi ya fundi ni mchezo wa watoto wa mtaa mzima. Usikubali. Watoto na mama mjamzito waende kwa bibi yao siku mbili tatu. Ukuta uloweshwe kwa maji kwanza na ukwanguliwe ukiwa umelowa, vumbi lifutwe kwa kitambaa chenye maji bila kufagiwa, na mabaki yafungwe kwenye mfuko yatupwe mbali na kisima. Kama rangi ile imeshikamana vizuri wala haibanduki, na ukuta ni mkavu, ni salama zaidi kuiacha na kuifunika kuliko kuichokoza. Hapo hapo nitaje, maana wazee wameniuliza: baadhi ya wanja wa manga tunaowapaka watoto wachanga nao una risasi. Mtoto atapendeza bila huo.

Mtu anaweza kunijibu kwamba mambo ya kupamba chumba cha mtoto tumeyaiga Ulaya, na wazee wetu hawakuwa nayo. Hapo sikubaliani. Pwani hii imepamba vyumba vya watoto karne nyingi, kabla ya katuni kuzaliwa.

Nendeni Lamu mkatazame majumba ya karne ya 18. Mtu akiingia kutoka uani anapita chumba baada ya chumba mpaka anafika ndani kabisa, na huko ukuta wa nyuma umejaa vidaka, safu juu ya safu, vimechongwa kwa chokaa kwa ustadi wa ajabu, na ndani yake ziliwekwa sahani na bakuli za kaure kutoka China. Chumba kizuri kuliko vyote kilikuwa cha ndani, ambako mgeni wa barazani hafiki. Huko ndiko mwanamke alikojifungua, na ndiko alikokaa na mwanawe siku 40. Wapo watafiti wanaosema kwamba sahani zile zilikuwa kinga, zinalipokea jicho baya kabla halijamfikia mtoto. Ukipenda liamini hilo, usipopenda liache, lakini kilichobaki ni kweli: pambo lilikuwa juu ya kichwa cha mama na mtoto, na lilikuwa la chokaa.

Hapa Unguja tunaye shahidi wetu. Bibi Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886 akiwa Ulaya kwa jina la Emily Ruete. Anavieleza vyumba vya utoto wake: virefu, vyembamba, kuta nyeupe za chokaa zenye vidaka, na katika vidaka kaure, bilauri, vioo na saa kutoka ng'ambo. Vitanda vilikuwa vya mbao za Kihindi, virefu kwenda juu kiasi kwamba mtu alihitaji msaada kuvipanda, na chini ya uvungu wake mara nyingi alilala yaya wa mtoto. Yaya huyo aghalabu alikuwa mtumwa. Tukivisifu vyumba vile tusimsahau aliyelala uvunguni.

Sasa tuje kwenye vitendo, na nianze na chokaa yenyewe. Huko mashamba bado wapo wanaochoma chokaa kwa njia ya asili: magogo yanapangwa duara, mawe ya matumbawe yanarundikwa juu, moto unawaka mpaka mawe yanakuwa mepesi na meupe, kisha yanazimwa kwa maji. Chokaa iliyozimwa na kukaa miezi kadhaa ndiyo bora. Inachanganywa na maji mpaka iwe nyepesi kama maziwa, ukuta unaloweshwa kwanza, na inapakwa makoti matatu au manne membamba, kila koti likipewa siku yake. Fundi asiyezoea atakuambia haishiki, kwa sababu likiwa limelowa koti halionekani. Mwambie asubiri. Inageuka nyeupe inapokauka. Na watoto wasiikaribie ikiwa mbichi, kwani inaunguza macho.

Nyeupe tupu itamchosha mtoto? Ongeza buluu kidogo ya kufulia, nyeupe itakolea na kupoa. Ukitaka rangi, tumia udongo mwekundu au udongo wa manjano uliochekechwa vizuri, utapata waridi ya taratibu au rangi ya embe bivu. Rangi za unga za dukani zina kazi, ila manjano kali na machungwa yale yasiyojulikana asili yake yaacheni pale pale yalipo, kwa sababu niliyokwisha kuitaja.

Faida nyingine ya chokaa ni mwangaza. Vyumba vya chini vya vichochoro vyetu havioni jua. Waliokuwapo katika ile miezi mitatu ya giza, kutoka Disemba 2009 hadi Machi 2010, umeme ulipokatika Unguja nzima, watakumbuka kwamba kandili moja katika chumba cheupe ilitosha watoto wanne kufanya kazi ya skuli, na kandili mbili katika chumba cha kijani kiza hazikutosha mmoja.

Chokaa ina ila yake, nisiifiche. Inachafua nguo. Mtoto akiuegemea ukuta anainuka na mgongo mweupe, na mama anayefua kwa mikono hafurahishwi na hotuba za watu wa redio. Dawa yake ni mkeka. Chukua mkeka wa ukindu wenye rangi, ule wa Pemba au wa Makunduchi, utundike ukutani kwa vijiti vyembamba kuanzia sakafuni mpaka usawa wa bega la mtoto. Utavaa uchafu wote, utapendeza kuliko karatasi yoyote ya ukutani, na nyuma yake ukuta unapata hewa. Kila baada ya muda unashushwa na kuanikwa.

Picha ni suala la kila nyumba na dini yake. Wapo wasiopenda sura za viumbe ndani ya chumba cha kulala, na hao wasidhani wamenyimwa kitu. Tazameni milango yetu: maua ya yungiyungi, mnyororo, mawimbi, magamba ya samaki, mtende. Kata umbo moja kwenye karatasi ngumu, mpe mtoto brashi na udongo mwekundu, mwache achape safu moja kuzunguka chumba. Itapinda. Iache ipinde.

Pazia la kanga nalipenda kuliko pazia la dukani, lakini nina onyo moja. Msome jina lake kwanza. Mtoto wa darasa la kwanza anasoma kila herufi inayopita mbele ya macho yake, na kanga nyingi hazikuandikwa kwa ajili yake. Nimesikia habari ya kijana aliyesoma pazia lake kwa sauti mbele ya bibi mzaa baba, neno kwa neno, kisha akauliza linamsema nani.

Kidaka usikizibe. Naona watu wanaziba vidaka kwa tofali ili ukuta uwe sawa na ule wa kwenye simu. Kila chumba cha kale kina kidaka kimoja angalau kilicho chini, anachokifikia mtoto. Hicho mpe. Aweke juzuu yake na marfaa, kitabu cha skuli, kokwa, gari la bati, chochote. Katika chumba wanacholala ndugu watano, hicho ndicho pahala pekee duniani palipo pake, na wakubwa waheshimu. Kama nyumba haina vidaka, seremala wa mtaani atakupigia kibao kwa nusu siku. Na tafadhali kuvunja ukuta au kubadilisha dirisha katika Mji Mkongwe kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoundwa mwaka 1985. Kupaka chokaa ndani hakuhitaji ruhusa ya mtu.

Kuhusu vitanda nitasema machache. Kitanda cha ghorofa kinaokoa nafasi katika chumba chembamba, ila usikiweke chini ya dirisha lisilo na nondo. Kutoka ghorofa ya pili mpaka kichochoroni ni mbali. Chandarua kifikirie kabla ya kununua kitanda, maana cha duara hakikai kitanda cha ghorofa, kinataka cha pembe nne kwa kila mtoto. Malaria imeshuka Zanzibar mpaka chini ya asilimia 1 tangu miaka ya 2008 hivi kwa sababu ya vyandarua, dawa na upulizaji majumbani ulioanza 2006, na ikipuuzwa inarudi. Kama watu wa malaria wamepita kupulizia ukuta wako, usipake kitu juu yake kwa miezi kadhaa. Utakuwa umeifunika dawa. Paka kwanza, wao wapulize baadaye.

Na familia yenye chumba kimoja tu, baba, mama na watoto? Dini yetu inatufundisha kuwatenganisha watoto malazi wafikapo miaka 10, na wazazi wanahangaika nalo usiku na mchana bila kumwambia mtu. Waya mmoja kutoka ukuta hadi ukuta, kanga mbili, na upande wa watoto upewe dirisha. Wakubwa wanaweza kulala gizani. Nimeona chumba cha namna hiyo huko Kiponda, mita 3 kwa 5, watu saba, kimepakwa chokaa yenye buluu, na nyuma ya pazia safu ya samaki wekundu waliopinda, kila mtoto akiwa na samaki wake na jina lake chini yake.

Miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na mwanzoni mwa Machi, kaskazi bado inavuma na kuta zimekauka. Masika inaingia mara baada ya hapo. Anayetaka kupaka ana wiki chache, na chokaa inataka siku nne.